Tafuta Aliyekutangulia Hatua Moja

Kodi ya F ndiyo inayorudisha magitaa mengi juu ya kabati. Mtu huanza na Em, ambayo ni vidole viwili tu, akaongeza G, C na D, akaimba mapambio mawili matatu chumbani kwake na kujiona amefika. Kisha anakutana na F. Kidole cha shahada sasa kinatakiwa kulala juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, karibu kabisa na kichwa cha gitaa, mahali ambapo nyuzi ni ngumu kubana kuliko pengine popote shingoni. Anabana, nyuzi mbili zinalia, nne zimekufa. Anatazama video. Anabana tena. Baada ya wiki moja mkono unauma na yeye ameshaamua kwamba vidole vyake ni vifupi.

Si vifupi. Yeyote aliyepita hapo mwaka jana angemwona mara moja na kumwambia: leta kiwiko karibu na ubavu; shusha dole gumba likae nyuma ya shingo, lisichungulie juu; kipindue kidogo kidole cha shahada ili kibane kwa ule upande wake wenye mfupa, na kikae kikiugusa ukingo wa freti, si katikati ya nafasi. Halafu angemwachia na F ndogo ya kuanzia: uzi wa nne freti ya tatu, uzi wa tatu freti ya pili, nyuzi mbili nyembamba freti ya kwanza kwa kidole kimoja, na zile mbili nene usiziguse kabisa. Kwa F hiyo ndogo unaweza kuimba ibada nzima mwezi huu, huku ile kubwa ukiijenga taratibu.

Video haiwezi kukuambia hayo kwa sababu haikuoni. Inaeleza F vizuri kuliko jirani yako, pengine kwa picha safi na mkono uliooshwa, lakini haijui kwamba kiwiko chako kimekwenda mbali, wala kwamba gitaa lako lenyewe ndilo bovu na F hiyo ingemshinda hata mpiga solo wa bendi. Mwenzako atakuomba mbadilishane magitaa kwa dakika moja, na hapo mtajua tatizo ni mkono au ni mti.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza gitaa hapa Mwanza, awe Mabatini, au Igogo, au Nyakato, ni huu: usianze kwa kumtafuta fundi mkubwa. Mtafute aliyekutangulia hatua moja. Fundi mkubwa ameshasahau njia aliyopita. Mwulize amebanaje kodi fulani, atacheka na kukuambia "unaishika tu", na hasemi uongo, maana kwake inashikika tu. Aliyejifunza F mwaka jana bado anakumbuka maumivu yake na ujanja uliomtoa. Akikuonyesha, anaonyesha polepole kwa sababu hata yeye haraka hana.

Gitaa limesambaa hivyo hivyo ukanda wetu wote. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, mji wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Kijana yule alipiga gitaa kavu kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, na ukisikiliza santuri zake utadhani wako wawili. Santuri hizo zilitolewa kwa nembo ya Gallotone ya Afrika Kusini, na vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikaa karibu na gramafoni wakiuwinda ule mtindo, mmoja akipata kipande cha besi, mwingine kipande cha juu, kisha wakionyeshana. Nembo hiyo hiyo ilikuwa kwenye magitaa ya bei nafuu, na bado utawasikia wazee wakiliita gitaa kavu galatoni.

Galatoni lilifika hadi Uingereza. Gitaa la kwanza la John Lennon wa kundi la Beatles lilikuwa Gallotone Champion lililotengenezwa Afrika Kusini. Mama yake alimfundisha kodi za banjo, kwa hiyo alikuwa akilipiga gitaa kama banjo mpaka alipokutana na Paul McCartney, ambaye alijua kidogo zaidi yake. McCartney mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi yeye na wenzake walivyopanda basi kuvuka mji wa Liverpool kwa sababu tu walisikia kuna mtu upande wa pili anaijua kodi ya B7. Walikwenda, wakaonyeshwa, wakarudi nayo nyumbani. Kama unaona aibu kupanda daladala hadi Igoma kwa ajili ya kodi moja, ujue wenzako walishafanya hivyo na hawakupungukiwa kitu.

Na sisi wa kando ya ziwa tuna jambo la ziada. Upande wa mashariki kuna nyatiti ya Wajaluo na litungu la Wakuria, upande wa magharibi kuna nanga ya Wahaya. Sikio la ziwa limezoea nyuzi zinazodonolewa tangu kabla ya gitaa. Daniel Owino Misiani, ambaye Kenya nzima ilimheshimu kama mmoja wa waasisi wa benga, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, mkoani Mara, na benga yenyewe ni vidole vya nyatiti vilivyohamia kwenye gitaa. Kama bibi yako anatoka Rorya au Bukoba na bado anakumbuka nyimbo za nyumbani, mwombe akuimbie. Huo ni ushauri wa gitaa kama mwingine wowote.

Wa kukuonyesha utawapata wapi? Mabatini hakuna haja ya tangazo. Nyumba zimepandana juu ya mawe, ukuta wa mmoja ni uchochoro wa mwingine, na kila mtu anajua nani ana gitaa kwa sababu kila mtu ameshakerwa nalo. Tembea jioni, sikiliza. Pita kwenye mazoezi ya kwaya, ambako siku za kazi baada ya saa kumi na moja utakuta gitaa la solo, la rizimu na la besi yakiwa kazini mbele ya waimbaji. Mji huu una kwaya zenye jina, ya AIC Makongoro ikiwa mojawapo, lakini kwa mwanafunzi kwaya ndogo ya mtaani ni bora, kwa sababu mpiga rizimu wake huenda naye alianza juzi. Kuna pia Chuo cha Ualimu Butimba, ambacho kwa miaka mingi kimefundisha walimu wa muziki. Kijana anayesoma huko na kupanga chumba mtaani kwenu ni hazina iliyokaa bure.

Ukishampata, namna ya kuomba ina uzito. Ukimwambia mtu "kaka, nifundishe gitaa", umempa mzigo usio na mwisho, naye atasema njoo kesho mpaka uchoke. Mwambie hivi: "Kaka, nikitoka C kwenda F nachelewa, naomba uniangalie mkono." Swali hilo lina dakika tatu ndani yake. Hakuna atakayekunyima dakika tatu. Nenda na gitaa mkononi au omba lake kwa heshima, pigia pale pale anapokuona, na ukishapata jibu ondoka ukalifanyie kazi. Usirudi na swali la pili kabla la kwanza halijaiva. Kama ni mtu mzima, yule mzee aliyewahi kupiga bendi zamani na sasa ana duka la rejareja, anza na shikamoo, kaa, msikilize habari za bendi yake, kisha uliza. Habari za bendi ni sehemu ya somo.

Na ulipe. Sisemi fedha. Anayejifunza solo ana njaa moja kubwa: anataka mtu wa kumshikia rizimu asichoke. Muziki wetu wa dansi umejengwa hivyo, gitaa moja likizungusha kodi zile zile, jingine likijibu juu yake, na la tatu, second solo, likipita katikati. Wasikilize Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978, utaona hakuna gitaa hata moja linalosimulia wimbo wote peke yake. Kwa hiyo ukishajua kodi tatu tu na unaweza kuzizungusha dakika kumi bila kukimbia wala kulegea, tayari una mali ya kubadilishana. Mshikie rizimu nusu saa, naye akusahihishe dakika tano. Wewe ndiye utakayefaidi zaidi, kwa sababu hiyo nusu saa ya mzunguko ndiyo mazoezi yenyewe.

Adabu nyingine ni ndogo ndogo lakini zinakumbukwa. Usiguse gitaa la mtu kabla ya kuomba. Usilityuni upya bila ruhusa. Ukikata uzi, leta uzi. Na ule mwembamba kabisa, E ya juu, ndio unaokatika sana, basi nunua wa akiba hata kabla hujamaliza wiki ya kwanza.

Kuhusu kununua, mchukue huyo huyo mwenzako mwende dukani. Usinunue kwa picha ya simu. Shikilia gitaa usawa wa jicho na utazame shingo kutoka kichwani kama fundi seremala anavyotazama ubao. Kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, uangalie freti ya saba: kati ya uzi na freti pawe na upenyo mdogo sana, wa kupitisha karatasi ngumu. Pakiwa wazi sana, shingo imepinda. Kwenye freti ya kumi na mbili uzi uwe juu kwa milimita mbili hadi tatu. Ukizidi nne, achana nalo, hata kama muuzaji anasema nyuzi za juu zinakomaza vidole. Hazikomazi, zinaumiza. Piga kila freti ya kila uzi, ndiyo, zote, na usikilize panapokoroma. Tazama daraja, kile kipande cha mti kilichogundishwa tumboni ambapo nyuzi zinafungwa, kama limeanza kubanduka nyuma.

Halafu kuna kosa linaloua magitaa mengi mtaani: kuweka nyuzi za chuma kwenye gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni. Seti ya chuma huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70, ya nailoni karibu nusu yake. Daraja litang'oka tu, ni suala la muda. Ukiona shingo pana na kichwa chenye matundu mawili marefu katikati, hilo kwa kawaida ni la nailoni. Na kama huna fedha za gitaa, jifunze bila gitaa lako. Wapigaji wengi wa bendi zetu za zamani hawakuwa na vyombo. Vyombo vilikuwa vya chama, vya shirika au vya mwenye bendi, nao walijifunzia humo humo kwa zamu. Gitaa la kanisa linalolala stoo kuanzia Jumatatu hadi Jumatano ni nafasi yako, ukimwomba mwalimu wa kwaya vizuri na kulirudisha likiwa limefutwa.

Mabatini ina adui wa gitaa ambaye vitabu vya ugenini havimtaji, naye ni paa. Chini ya bati lisilo na dari joto la saa nane mchana hulegeza gundi. Usilitundike gitaa juu karibu na mabati, wala usiliegemeze kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni. Lilale chini, kona yenye kivuli, ndani ya mfuko. Ukienda kupigia juu ya mawe nyuma ya nyumba, ambako ndiko kuzuri kwelikweli saa kumi na mbili jioni ukiutazama mji, usilaze gitaa kwenye jiwe lililochomwa na jua kutwa. Na ukimaliza, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Jasho ndilo linaloziotesha kutu.

Mvua ikinyesha, bati linapiga kelele na programu ya kutyuni kwenye simu inasikia mvua badala ya uzi. Ndiyo sababu ujifunze kutyuni kwa sikio mapema. Uzi wa sita, ule mnene, ukibanwa freti ya tano unatoa sauti ya uzi wa tano ukiwa wazi. Wa tano freti ya tano ni wa nne, wa nne freti ya tano ni wa tatu. Wa tatu unabanwa freti ya nne, hapo ndipo wengi hukosea, kupata wa pili. Wa pili freti ya tano kupata wa kwanza. Weka taya lako juu ya ubavu wa gitaa wakati mvua inanyesha: sauti itapita kwenye mfupa hadi sikioni na utaisikia vizuri.

Sasa niseme juu ya jambo ambalo wanakwaya hawajui kwamba wanalijua. Ukiwa umeimba kwaya kwa do, re, mi, umeshajifunza nusu ya gitaa. Katika ufunguo wa G, do ni kodi ya G, fa ni C, so ni D, na la ni Em. Nyimbo nyingi sana zinaishi ndani ya hizo nne. Hamia ufunguo wa D: do ni D, fa ni G, so ni A, la ni Bm. Anayekariri kodi kwa majina peke yake hukwama mwimbishaji anapoanza wimbo juu zaidi. Anayefikiri kwa do, fa na so anahama naye. Mwombe mwimbaji wa sauti ya tatu au ya nne akae karibu nawe na akuambie bila kukuficha ni wapi kodi yako haiko pamoja na wimbo. Hapigi gitaa, lakini sikio lake linaweza kuwa limelipita la kwako kwa miaka.

Kuhama kwingine ni kwa kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja. Ukiibana freti ya pili, umbo la G linatoa A. Freti ya tatu linatoa B-flati. Kama huna kapo, penseli ngumu na ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli vinafanya kazi hiyo hiyo, ila fungua ukimaliza ili usiuache mpira umeibana shingo usiku kucha.

Ushauri wa wenzako utagongana, uwe tayari. Mmoja atasema piga kwa piki, mwingine kwa vidole. Mmoja atasema dole gumba nyuma ya shingo, na kesho utamwona mzee wa bendi akilipitisha juu na kubania uzi wa sita kwalo, tena kwa utamu. Usibishane na yeyote. Fanya la mmoja wiki hii, la mwingine wiki ijayo, jirekodi kwa simu mara zote mbili, na usikilize siku inayofuata wakati mkono umepumzika. Jambo moja tu usilikubali hata likisemwa na nani: kwamba uvumilie kila maumivu. Ncha za vidole zitauma wiki za mwanzo na kisha zitaota sugu. Hiyo ni kawaida. Maumivu ya kifundo cha mkono au ya mkono wa mbele maana yake acha, tikisa mkono, tazama unavyokaa.

Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili, na zisitumike kupiga unachokiweza. Chukua kodi mbili zinazokusumbua, washa saa ya simu, uhesabu unabadilisha mara ngapi kwa dakika moja. Ukifika mara 30 bila uzi kufa, kodi hizo ziingize kwenye wimbo na utafute jozi nyingine. Usiku ukiwa umekwenda, chomeka kitambaa chini ya nyuzi karibu na daraja. Sauti inakufa, vidole vinaendelea kujifunza, na jirani hana neno.

Kwa wasichana niongeze kitu. Kwaya zetu nyingi zina wasichana wengi mbele na wavulana watupu kwenye vyombo, na sababu sioni, zaidi ya kwamba ndivyo palivyokutwa. Usingoje kuitwa. Kaa karibu na mpiga rizimu kwenye mazoezi, macho kwenye mkono wake wa kushoto, na mazoezi yakiisha sema: "Kaka, hiyo uliyopiga kwenye kiitikio ni kodi gani?" Nenda na mwenzako mkajifunze wawili, wazazi watakuwa na amani na nyinyi mtakuwa na wa kushindana naye. Wawili wanaojifunza kwa gitaa moja, mmoja akipiga na mwingine akitazama, mara nyingi hufika haraka kuliko mmoja mwenye magitaa mawili.

Siku ya kwanza utakapoombwa kupiga mbele za watu, mwambie mwalimu wa kwaya ni nyimbo zipi unaziweza, hata kama ni tatu tu. Simama mahali unapouona mkono wa mpiga solo. Sauti ya spika yako iwe chini kuliko unavyotamani, na mguu uhesabu mapigo. Ukikosea kodi, usirudi kuisahihisha, wimbo umeshakwenda, ikamate inayofuata. Na ukianzishwa wimbo usioujua, laza kiganja juu ya nyuzi unyamaze hadi uishe. Mpiga besi atakushukuru.